Kadi ya Dabo

Malipo ya mnada wa tatu yalipoingia benki
kaka akasema, sasa harusi ya Somoe ina tarehe.
Tukakaa sebuleni, Newala, mvua ikipiga bati,
daftari la wageni katikati yetu kama sinia.

Chande, kitindamimba, akatoa simu.
Kadi yake ilikuwa na maua yanayofunguka,
pete zinazozunguka, na ramani ya ukumbi.
"Dakika tano, wageni mia tatu.
Steshenari ya Mtwara wanataka elfu mbili kila kadi,
bado bahasha, bado nauli. Hesabuni wenyewe."

Tulihesabu. Hesabu ilikuwa upande wake.

Kaka alitaka karatasi:
mtu akiishika, alisema, anajua naye ameshikwa.
"Akiishika anaitia mchuzi," Chande akajibu.
Nikawaamua kama wanavyoamua wasio na msimamo:
hamsini za karatasi, zilizobaki za simu,
na majina niandike mimi,
maana mwandiko wangu ndio kitu pekee
walimu walichowahi kukisifu katika nyumba hii.

Za simu zikaenda usiku uleule.
Tiki za buluu. Hongereni sana. Mchango mwezi ujao.
Na jibu moja, kutoka namba ya baba mdogo Mkwezu,
tuliyemzika mwaka juzi, Ijumaa, baada ya swala:

"Asante kwa mwaliko. Ila mimi ni Frenki wa Nachingwea,
laini hii nimesajili juzi. Nije?"

Kidole cha Chande kikaelea juu ya neno *futa*
mpaka kioo kikazima chenyewe.

Nami nilipotazama kadi niliyokuwa naandika,
mkono ulikuwa umeshamaliza:
*Bw. na Bi. Mkwezu Nalinga*,
kama ulivyozoea kila shughuli ya ukoo.
Wino haufutiki. Kadi za akiba hazikuwepo.

Asubuhi, bodaboda hadi Mnyambe,
kadi ndani ya mfuko wa sukari, matope hadi magotini.
Mama mdogo alikuwa anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
"Ya harusi nimeyasikia," akasema bila kuinuka.
"Mjukuu kanionyesha maua yanacheza kwenye simu ya jirani.
Nikasema haya, nimepashwa habari.
Kualikwa, bado."

Nikamtolea kadi kwa mikono miwili.
Alifuta vidole kwenye kanga, akavitazama, akafuta tena,
ndipo akaipokea. Akaipapasa maandishi yaliyoinuka,
akainusa, akanirudishia.
"Nisomee."

Nikaanza na tarehe.
"Anza na jina."

Ningeweza kuruka neno moja.
Nilisoma yote.

Kuku akapita katikati yetu, asijue.
"Soma tena."
Nikasoma tena.
"Ni dabo?"
"Dabo, mama."
"Basi wa pili nitamtafuta mwenyewe,"
akaingia ndani, nikasikia kufuli la sanduku
likifunguka, likikawia, likifungwa.

Njiani nikamwomba dereva asimame kilimani,
pale mtandao unapokamata,
nikamwandikia Frenki wa Nachingwea:
*Njoo. Ramani iko chini ya maua.*

Tiki moja.
Mvua ikaanza tena, tukaondoka.