Risiti Namba Moja

Mshahara hakuna, alisema shefu Birindwa
akinisukumia kalamu na daftari la mistari.
Kuna kumi kwa mia. Andika watu mia unaowajua.
Niliandika nikakwama arobaini na nne.
Wa mwisho alikuwa kinyozi wangu,
na kinyozi ananidai.

Wiki ya kwanza niliwamaliza ndugu.
Mjomba Zihalirwa alisoma karatasi zote saba
kwa miwani ya jirani, akazirudisha zimenyooka,
akaniuliza kama nimekula.
Shangazi wa Bagira alinipa maharage na baraka.
Mama yangu wa ubatizo, siku hizi,
nikimpigia simu anapokea mtoto:
Amesema hayupo.

Wiki ya pili nikapanda Kadutu
kwa viatu vya Mugisho, vikubwa,
nimevishindilia gazeti mbele ya vidole.
Mbao juu ya mbao, bati juu ya bati,
nyumba zimeegemeana kama walevi wanaorudi,
waya mmoja unalisha vyumba tisa.
Nani asiyeuona moto hapa?
Nikaanza kama nilivyofunzwa:
Mama, tuseme nyumba yako imeungua…

Akaweka mwiko chini.
Wewe mtoto wa nani?
Nani amekutuma kwangu na maneno hayo
asubuhi yote hii, sijauza hata andazi?
Nilipogeuka nikasikia maji yakimwagwa
pale nilipokuwa nimesimama.

Muuza sabuni humwonyesha mtu povu.
Muuza sambaza, harufu ni ya bure.
Mimi nabeba janga ndani ya bahasha,
namwomba Mungu lisije,
nawaomba watu walipie kutokuja kwake.
Na bima ni neno la redio.
Huku ni asiransi, na asiransi
ni ile karatasi ya kumwonyesha polisi wa barabarani
ili akuachilie upite.

Jumamosi ya tatu, Nyamugo, mchana,
Nabintu alinisikiliza huku akikunja vitenge.
Ameungua mara mbili.
Hakuuliza kama moto utakuja.
Aliuliza: Ukija, na nyinyi mtakuja?

Shefu alinifunza majibu ya maswali kumi na mawili.
Hilo halikuwemo.
Nikasema, Mimi nitakuja.
Akavitazama viatu vya Mugisho, muda mrefu,
kisha akahesabu dola thelathini
zenye harufu ya kitambaa kipya,
akaweka sahihi kama mtu anayeshona kifungo.

Tatu zilikuwa zangu. Nilizila njiani kabla ya kuzipata:
soli, kinyozi, kilo ya sukari kwa mama.
Lakini Jumamosi biro hufungwa saa sita,
na karatasi isiyo na muhuri, alisema shefu,
ni karatasi.

Usiku umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika.
Kisha ukaja mwanga usio wa umeme.
Madebe yaligongwa. Majina yaliitwa.
Miaka yangu ishirini na minne nimeuona mwanga huo,
nikasema maskini, nikageukia ukuta.
Sasa nilisimama topeni na soksi,
thelathini mfukoni, nikihesabu mapaa:
la kanisa, la kinu, lile la bluu…

Halikuwa la bluu. Ilikuwa ng'ambo ya Kawa.
Nikasema, Asante Mungu, kwa sauti,
na palepale upepo ukaniletea
kilio cha mtu mmoja, mwanamke,
asiyekuwemo kwenye daftari langu.

Jumatatu, saa kumi na mbili,
mlinzi alinikuta kwenye ngazi za biro.
Pesa nimezibana mkononi hadi zimelowa.
Daftari lilikuwa wazi magotini:
44. Kinyozi.
45. Yule wa ng'ambo ya Kawa. Jina nitauliza.