Maji Yasiyo na Ladha

Saa nane mchana, Langoni. Feni inalia kama kinu,
prosesa imefika digrii tisini na nne.
Nilikuwa nachora nyumba ya akina Famau,
ukuta kwa ukuta, kidaka kwa kidaka,
waione nzima kabla mafundi hawajaigusa.
Kioo kikawa cheusi.
Nyumba ikazimika na mimi ndani yake.

Nikafungua feni: vumbi la chokaa, manyoya ya paka,
na ule unga mweupe unaokula kila chuma mjini.
Upepo wa hapa una chumvi.
Nikasema, basi, upepo umeshindwa.
Tujaribu maji.

Rejeta kwanza. Mji huu hauna magari ya kuvunjwa,
na punda hana rejeta.
Nikampigia Shekuwe, gereji yake iko Malindi:
"Nitafutie ndogo, ile ya hita. Ya shaba."
"Ya alumini nyepesi, tena rahisi."
"Shekuwe, kipozeo changu ni cha shaba.
Shaba na alumini ukizinywesha maji mamoja
ni wake wenza: mmoja atamla mwenziwe
polepole, bila kelele, hata siku ya tobo."
"Umejuaje, nawe hujaolewa?"
Akacheka peke yake.
Akatuma ya shaba.

Pampu ya hodhi la samaki ilikuwa bei ya kirafiki,
lakini niliiwasha
na glasi ya chai ikatembea mezani hadi ukingoni.
Nikairudisha.
Ya pili ilikuwa kimya, volti kumi na mbili,
bei yake karo ya muhula mzima.
Nilikaa nayo siku mbili ndani ya boksi
kama mtu aliyeokota pochi ya jirani.
Siku ya tatu nikachana boksi.

Mpira wa kuona ndani unapendeza, sikatai:
maji yanapita, wageni wanasifu.
Lakini palipo na mwanga hapakosi ukungu wa kijani.
Nikachukua mweusi.
Si kila kinachofanya kazi kiwe kinatazamwa.

Kipozeo chenyewe nilimpelekea Bakanda, mchonga pete,
pamoja na kipande cha shaba na mchoro wa penseli.
Akanitolea mifereji ishirini na minne,
myembamba kama meno ya kitana,
akaipuliza, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.
"Hiki," akauliza, "huvaliwa wapi?"
"Kichwani," nikamjibu.
Akapunguza mia mbili.

Kisha maji. Mama alisimama na kata mkononi.
Birika letu limejaa, lina samaki wawili
wanaokula viluwiluwi vya mbu tangu nasoma madrasa.
"Mai tele hapa tini, nawe wanunua ya chupa?"
Mama, ya kisima yana chumvi, yana chokaa,
yataziba mifereji ya Bakanda kwa mwezi mmoja.
Akamimina ya betri kifunikoni, akaonja, akatema.
"Hayana ladha," akasema,
"kama hotuba ya mgeni rasmi."

Nikakaza klipu moja moja.
Kompyuta sikuiwasha; pampu tu, izungushe maji,
na chini ya kila kiungo karatasi ya shashi, kavu, nyeupe,
kwa saa ishirini na nne.
Nikalala sakafuni, tochi kifuani.

Saa tisa usiku, karatasi ya kiungo cha tatu:
doa.
Mviringo kama senti ya zamani.
Nikainama. Nikagusa mpira, mkavu.
Nikagusa nati, kavu.
Fedha za karo, mikono ya Bakanda, simu zote za Malindi
zikanipita kichwani kwa mara moja.
Nikalichukua lile doa kwa ncha ya ulimi.

Chumvi.

Maji ya betri hayana chumvi.
Nikapangusa paji la uso kwa kanga,
nikabadilisha karatasi,
nikaanza kuhesabu upya: saa ya kwanza.