Sifuri Zimekwisha

Uwanja wa Duluth una ukuta wa kijani upande wa kushoto,
na ndani ya ukuta, mahali pa upana wa kabati,
tulikaa mimi na baba, Leszek Dombek, mtundika namba.
Watu elfu kumi na mbili walitazama mchezo.
Sisi tuliuchungulia kwenye matundu,
tukiona migongo zaidi kuliko nyuso.

Oktoba. Upepo wa Ziwa Superior hauna adabu,
huingia bila hodi, ukajikalia mifupani.
Mchezo wa saba wa fainali, kufa kupona.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, soksi mbili kila mguu,
na kazi moja tu: kumpa baba sifuri.

Na sifuri zilitakiwa usiku ule!
Moja kwa moja tangu awamu ya tatu,
kisha warushaji wakafunga mlango, wakameza ufunguo.
Ya tisa, bado. Ya kumi, bado.
Ya kumi na moja, mdakaji wetu Hautala
alijilaza mbele ya besi ya nyumbani kama gogo mtoni;
mkimbiaji wa Omaha akamvaa mzimamzima,
vumbi likatua, Hautala akainuka
na damu puani
na mpira mkononi.
Ya kumi na tatu, ng'ambo ya uwanja, bibi mmoja
aligeuza kofia yake ndani nje, akaivaa,
na safu nzima ikamfuata, watu wazima na ndevu zao.

Ya kumi na nne nilipapasa sandukuni, nikagusa ubao wa chini.
"Baba, sifuri zimekwisha."
Zote ishirini na nne zilikuwa ukutani.
Baba alikuna kidevu, akapanda ngazi,
akaing'oa O ya OMAHA.
Wageni wakabaki MAHA,
na uwanja mzima ukacheka,
kicheko cha watu wasiohisi tena vidole vyao.

Kisha zamu yetu, na Pickens akapiga.
Sikuuona mpira ukija, nilisikia umati ukivuta pumzi.
Ko! Ukagonga ukingo wa tundu, ukaingia,
ukaruka juu ya ngazi, ukatua miguuni pangu.

Tunduni likatokea jicho moja. La Cienfuegos,
mlinzi wao, ambaye jina lake
nilikuwa nimelisoma mgongoni usiku kucha.
Akaniona. Akainua mikono yote miwili juu.

Kanuni naijua tangu sijajua kusoma:
mpira ukinasa ukutani ni besi mbili, basi.
Ukirudi majanini, mchezo unaendelea,
na mkimbiaji wetu alikuwa ameshaipita besi ya tatu.
Chini ya mbao palikuwa na pengo, usawa wa kifundo changu.
Sukumo moja la kidole cha mguu.

Nilimtazama baba.
Baba aliutazama mpira.
Hakusema gusa. Hakusema usiguse.

Mwamuzi akaonyesha vidole viwili.
Mkimbiaji akarudishwa besi ya tatu, polepole,
kama mtu aliyeambiwa arudishe sahani jikoni.
Aliyefuata alipiga upepo mara tatu.
Baba akatundika kifuniko cha ndoo ya rangi.

Ya kumi na tano Omaha walipata mbili.
Baba aliitundika ile 2, akainyoosha isikae upande,
maana namba haina kosa.
Mambo yalipokwisha alikaa juu ya ndoo isiyo na kifuniko,
akamimina kahawa, akanipa mimi kwanza.
Haikuwa imewahi kutokea.

Mpira ninao, umo ndani ya soksi, drooni.
Miaka thelathini hatukuutaja.
Hata alipolazwa, macho yake darini, akaniuliza:
"Ulitua karibu na mguu upi?"
"Wa kushoto."
"Aa," akasema. "Ungekosa.
Mguu wako wa kushoto haujawahi kuwa na shabaha."
Tukacheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha.