Njiti Tisa

Saa nane usiku, kituo cha afya Duga.
Baiskeli imelazwa barazani, gurudumu la nyuma bado linazunguka.
Mwanatumu anafungua fundo la kanga,
anamtua mtoto kitandani
kama atuaye yai lililokwisha kupata ufa.

Jina?
"Nyamvula. Siku niliyomzaa ilinyesha mpaka asubuhi."
Miaka miwili kasoro, na mwili mzima kiangazi:
analia pasipo chozi,
ulimi unakwaruza kama gunzi,
ngozi ya tumbo nikiifinya inabaki imesimama,
haina haraka ya kurudi kwao.

Ameharisha mara ngapi?
Mama anafumbua kiganja: njiti za kiberiti, tisa.
Saa hana, anasema, ila kila alipombadilisha
aliweka njiti moja pembeni.
(Nimeona majalada ya hospitali kubwa
yasiyo na hesabu safi hivyo.)

Damu nzito kuliko maji, twaambiwa,
na wasemao husema habari za ndugu.
Mimi nasema habari za sindano.
Mshipa unajificha, naubembeleza kwa kidole,
unanipa tone, unanuna, unanipa tone,
jeusi, zito kweli,
kwa kuwa maji yake yameishia kwenye vitambaa.

Mashine yetu ya CRP ni ndogo, yatosha juu ya stuli.
Inataka dakika nne.
Dakika nne nawaza ini la Nyamvula:
huko gizani, ndilo mpiga mbiu.
Bakteria wakivunja mlango wa utumbo, ini hupuliza,
na protini ile hujaa kwenye damu kama watu uwanjani.
Virusi wakipita, mara nyingi hukohoa tu.

Mara nyingi.
Mwezi uliopita mtoto wa Pongwe aliletwa mapema mno,
saa nne tu tangu homa ianze.
Nikaandika "tano", nikagonga mhuri.
Mbiu ilikuwa bado haijafika mdomoni.
Keshokutwa yake akarudishwa, choo kina damu,
namba mia na arobaini.
Alipona. Mlio wa mhuri ule bado ninao.

Basi nauliza: yalianza lini?
"Juzi, magharibi."
Saa thelathini na ushee. Ini lingekuwa limeshasema.

Mashine inalia. Saba.
Seli nyeupe nazo, chini ya darubini, hazina ghasia.
Tabibu Mhina anasoma, anasugua macho:
"Mgeni huyu wa Tanga. Waja leo, waondoka leo.
Antibiotiki hapana. Maji ya chumvi, zinki, kijiko kwa kijiko."

Mwanatumu ananitazama mimi, si yeye.
"Nimetoka Mabokweni gizani,
shemeji anakanyaga pedali, mimi namulika kwa simu,
halafu mnanipa maji?"

Nimwonyeshe nini? Saba?
Saba ni nini kwa mtu aliyehesabu tisa?
Navuta stuli, nashika kikombe.
Kijiko. Subiri. Kijiko.
Akitapika, pumzika dakika kumi, anza tena.
Tunapokezana bila maneno, yeye na mimi,
mbu anatuzunguka wote watatu kwa usawa.

Adhana inatukuta kwenye pakiti ya pili.
Nyamvula anausukuma mkono wangu, anapiga yowe,
na kwenye jicho la kushoto, polepole, linakuja
chozi. Moja.
Nashika kalamu, natafuta safu ya kuliandika,
fomu haina.

Njiti ya kumi haikuwekwa.
Mwanatumu anazitandaza zile tisa juu ya meza yangu,
anachagua moja, ananiomba ganda la kiberiti,
anakwenda kuwasha jiko la mlinzi.