Kiatu cha Kushoto

Siku ya kwanza nilitazama juu tu.
Minara ile pacha niliipiga picha thelathini na moja,
na katika kila picha kuna kidole changu.

Siku ya pili, mvua. Saa kumi kamili,
kama karani aliyeripoti kazini,
ikafungua majalada yote ya mbingu kwa mpigo.
Kuala Lumpur: hata jina lina matope ndani,
mito miwili imekutana, maji yamevurugika,
na hakuna aliyewahi kutaka kuyachuja.

Mgeni siku mbili;
ya tatu mpe jembe.
Mimi ya tatu nilipewa kiatu.

Nilivua ndara mlangoni pa hekalu,
nikaingia peku kwenye sakafu ya baridi,
nikaiona miungu ya samawati na chungwa
imebanana paani kama harusi inayosubiri mpiga picha.
Nikatoka. Ndara ya kulia ipo.
Ya kushoto imekwenda zake,
na mahali pake imekaa nyingine, ya kushoto pia,
nyeusi kama yangu, ila kubwa,
kisigino kimelika upande mmoja,
ya mtu anayetembea akiegemea jambo fulani.

Letchumi muuza maua, anayekata uzi kwa meno,
alicheka, kisha akanisogezea kigoda.
Akamwita mlinzi, Tek Bahadur, mtu wa milima ya Nepali,
akamulika viatu vyote kwa tochi mchana kweupe.
Akavuka Nurfazlin wa duka la simu,
na mtandio wa zambarau, na mwavuli, na maoni.
Wakabishana kwa Kimalei,
kila mmoja kwa lafudhi ya mama yake,
kuhusu mguu wangu.

Kitabu changu cha utalii kilikuwa kimewagawa:
Wamalei ukurasa wa kumi, Wachina wa kumi na nne,
Wahindi wa kumi na tisa.
Mlinzi hakuwa na ukurasa.

Nikakaa nikiokota maneno
kama mtu anayekuta sarafu zake kwenye mfuko wa mwingine.
*Waktu*, alisema mmoja. Wakati.
*Sebab*. Sababu.
*Dunia*: hiyo haikuguswa hata herufi.
Mlinzi akanyoosha kidole juu ya ukuta wa shule: *bendera*.
"Bendera!" nikapiga kelele, nimesimama kwa mguu mmoja,
wakanitazama kama niliyepandwa na kitu.
Nani aliyapakia, yalilipiwa ushuru gani,
sijui. Yalifika kwao, yakafika kwetu,
wala hayakuandikiana barua.

Mvua ilipoanza kuchoka akatokea mzee,
suruali imekunjwa hadi magotini,
mguu mmoja umebanwa,
vidole vyake vinachungulia nje ya ndara yangu.
Chan Seng Huat, fundi saa mstaafu.
Alikuwa amefika kituo cha tatu cha treni
ndipo mguu ukamwambia.

"*Maaf*," akasema, viganja pamoja. "*Maaf, maaf*."
Mimi nikasikia maafu,
na mapajani mwa Letchumi yalikuwapo kweli,
meupe, mabichi, yameshikwa na uzi.
Kwetu neno hilo hilo husamehe
na hilo hilo hunukia.

Nikamwonyesha Letchumi kwa macho: huyu, hapa?
"Kila Jumanne," alijibu, Nurfazlin akanifasiria kwa mikono.
"Humletea salamu jirani yake.
Jirani amekufa mwaka wa nne huu;
salamu hazijapata habari."

Tukabadilishana. Ndara yangu ilirudi
imetanuka, na ya moto.
Nilidhani ningeona haya kuivaa. Sikuona.

Baadaye kibandani, Nurfazlin akagonga ubao: *meja*.
Nikagonga: meza.
Mwenye kibanda akaja akifuta mikono,
akaniuliza jambo refu nisilolielewa hata kidogo.
Nikasema, limau.
Akaleta limau.