Nusu Alama

Alinituma mtoto wa jirani, hakupiga simu.
"Mwalimu asema uje, na uje na bisibisi."
Nikadhani ni friji.
Kichochoroni Pangahari punda alisimama mlangoni pake
kama mwenye nyumba; nikambembeleza, nikaingia.

Friji ilikuwa nzima. Yeye ndiye hakuwa.
Mwalimu Mwanaate Shekuwe, hisabati,
miaka thelathini na moja ya vumbi la chaki,
sasa kilo arubaini na mbili. Alinitajia mwenyewe
kama anayesoma jibu ubaoni.
"Kongosho," akasema. "Nimefundisha hadi eneo la duara,
na kiungo hicho sikujua kilipo."

Bisibisi ilikuwa ya kasha.
Ufunguo ulipotea, bawaba zimeshikana kwa kutu.
Nikazing'oa. Ndani:
gololi, manati, filimbi ya bati,
saa ya plastiki iliyokufa saa nne na robo,
wachezaji mpira waliokatwa gazetini,
barua ya mapenzi isiyo na nukta hata moja,
na kila kitu kimefungiwa kikaratasi:
jina, darasa, tarehe.
Vyote alivyotupokonya.

"Niliwaambia nitavirudisha mwisho wa muhula.
Basi, muhula ndio huu."

Tukavipanga kitandani, miguuni pake,
palikuwa na nafasi tele.
"Manati ya Lali. Mpe, hata kama sasa ni askari.
Gololi za Bunu..." Akanyamaza.
Bunu alitutangulia mwaka wa mafuriko ya Tana.
"Mpe mwanawe. Usimwambie ni ukumbusho.
Mwambie ni gololi."

"Na barua?"
"Niliisoma. Makosa kumi na moja, na uongo hamna.
Alioa mwingine, najua. Mrudishie hivyo hivyo.
Mtu akumbuke kuwa aliwahi kusema kweli
kabla hajajifunza tahajia."

Maumivu yalikuja, akashika ukingo wa kitanda,
akahesabu kwa sauti, kurudi nyuma, saba saba,
kutoka mia. Alipofika mbili akafumba macho.
"Nilidhani nalinda somo," akasema baadaye.
"Siku nyingi nililinda kichwa changu kilichoniuma.
Ukitaka kumnyamazisha mtu, Famau,
uliza kwanza nani anaumwa."

Kisha akakasirikia wageni.
"Wanakuja kuniambia nitapona. Waambie waniletee
embe bichi na chumvi. Nitalamba tu.
Uongo haulambiki."

Chini ya mto palikuwa na karatasi yangu,
mtihani wa mwaka tisini na nne, swali la kumi na saba.
"Hapa nilikukata. Njia yako ilikuwa sawa,
ukateleza mstari wa mwisho.
Zamani zile nilihesabu majibu tu."
Akaomba kalamu nyekundu. Mkono ulitetemeka
hata ile nusu ikaonekana kama mdudu:
thelathini na nane, na nusu.

"Haibadilishi kitu, Mwalimu."
"Kwako. Mimi nimelala nayo."

Changu kilikuwa chini kabisa:
redio ya baba, niliyoifumua chini ya dawati,
vipande kumi na viwili ndani ya soksi.
Alivitazama, akanitazama mimi na bisibisi,
mtu anayekula kwa kufumua vitu,
akacheka mpaka akakohoa, na sikujua
nimletee maji au nicheke naye. Nilicheka.
Maji yalichelewa.

Tulimzika Ijumaa.
Jumamosi nikazunguka na kasha begani.
Redio bado haijalia; kuna skrubu moja
sijui nani aliitia mfukoni.
Lali nilimkuta lindoni, Mkomani, kavaa sare, jasho shingoni.
Alisoma kikaratasi mara mbili.
Akanyoosha mpira wa manati, ulikuwa umekauka, ukakatika.
Hakusema kitu. Alitazama kushoto,
akatazama kulia,
akainama, akaokota kijiwe.