Mshazari

Bendera imeletwa ndani ya mfuko wa rambo,
imekunjwa vibaya kama shuka la hospitali.
"Mwalimu Kiluwa kasema uishone,
upepo umeichana."
Mtoto wa darasa la sita, soksi moja imeshuka,
kasimama mlangoni, Barabara ya Kumi na Tano,
hataki kuketi.

Naikunjua. Ya kiwandani, ya kuchapwa,
rangi zimemwagwa juu ya kitambaa kimoja
zikaambiwa zikae.
Mshono hauna hata mmoja, ila pindo.
Babu angesonya.

Babu yangu, Fundi Semhando,
ile ya kwanza aliishona ikiwa bado ya kulala:
kijani, utepe wa dhahabu, nyeusi, dhahabu, kijani tena,
milia iliyonyooka kama safu za mkonge.
Kazi ya mchana mmoja, alisema.
Unakata, unaunga, unakula ubwabwa.
Kamba yake waliisokota manamba
ambao hadi jana yake waliitwa kwa tarakimu.
Asubuhi ile wakaitwa kwa majina.
Mmoja akasahau kuitika.

Kabla ya hapo alitia viraka bendera ya Mwingereza,
na baba yake aliwahi kuikunja ya Mjerumani pale bomani.
"Bendera ya mwenzio huulizi maana," alisema,
"unauliza ujira."

Ukaingia mwaka wa sitini na nne.
Tarishi akaja na karatasi:
nyeusi sasa ipande mshazari,
kutoka pembe ya chini penye mlingoti
hadi pembe ya juu inayopepea.
Kijani juu. Buluu chini.
Buluu?
Alizunguka maduka yote ya Ngamiani, hakuna.
Bibi Mwanamvua akachukua marekani nyeupe
akaichovya katika buluu ya kufulia kanzu,
vidonge tisa, ndoo moja,
akaianika uani, mabata wakipita chini yake.
Bahari yetu ya kwanza ilipatikana hivyo.

Lakini si buluu iliyomtoa jasho.
Muulize fundi yeyote.
Kitambaa ukikikata kwa kufuata uzi wake, kinatulia.
Ukikikata mshazari kinavutika,
kinanyumbuka, kinajipinda chini ya sindano
nawe unakitazama.
Alishona, akafumua. Akashona, akafumua.
Usiku wa tatu akaubana mshono kwa pini,
akaunyunyizia maji, akautuliza kwa pasi ya mkaa,
na akasema maneno ambayo bibi
hakukubali kamwe kuturudia.

Miaka baadaye nilirudi shuleni nikikariri:
kijani ardhi na mimea, manjano madini,
buluu maji, nyeusi sisi watu.
Akacheka kwa puani, uzi mdomoni.
"Basi ndiyo sababu. Watu mmekatwa mshazari.
Asiwavute mtu."

Mvua ya kwanza ilipoinyeshea, buluu ikachuruzika
kwenye bega la askari aliyesimama chini, mkono kwenye kofia.
Hakusogea.
Wiki nzima bega lile lilikuwa Unguja na Pemba,
mkewe akisugua kwa sabuni ya mbuni, haitoki.

Sasa hii.
Mchano umeanzia kwenye buluu,
umevuka manjano, umegusa nyeusi.
Uzi mweusi utapiga kelele kwenye buluu,
wa buluu utaonekana kwenye manjano,
na shuleni hakuna aliyetufundisha
rangi ya uzi.
Nachagua mweusi. Nabadili. Nachagua mweusi.

"Shilingi ngapi?" anauliza.
"Elfu mbili."
Anahesabu: elfu moja ya mwalimu,
mia tano yake ya maandazi.
Namrudishia ya maandazi.

"Kesho njoo kabla ya saa moja," namwambia,
"mkaipandishe.
Na hiyo soksi."

Anainama, anaipandisha.
Inashuka tena kabla hajafika kona.